Kutambua Nozeli za Petroli za Magari ya Zamani ya Spoti

SWALI: Nimepata nozeli nne (vifaa vinavyonyunyizia petroli kwenye injini) zilizotolewa kwenye gari la zamani la spoti, nami nataka kuzifunga kwenye injini yangu yenye turbo kwa kuwa mpya ni ghali. Je, rangi yake inatosha kuzitambulisha?

JIBU: Haitoshi, kwani plastiki hupauka na rangi moja huweza kutumika kwa nozeli zenye viwango tofauti vya mtiririko. Soma namba iliyochapwa kwenye mwili wake, kisha pima ukinzani wa umeme kati ya pini zake mbili kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), kipimo ninachokiona kuwa muhimu kuliko vyote: ohm 2 hadi 3 ni ukinzani mdogo, ilhali ohm 12 hadi 16 ni mkubwa. Nozeli za Toyota Supra yenye injini ya 7M-GTE, zinazopitisha takriban sentimita za ujazo 440 kwa dakika, ni za ukinzani mdogo. Ukiziunganisha bila rezista (kipande kinachopunguza umeme unaopita) na kompyuta ya injini iliyoundwa kwa ajili ya ukinzani mkubwa, umeme utakaopita unaweza kuiunguza kompyuta hiyo, nayo akiba yote uliyoitafuta itapotea. Za Mazda RX-7 ya turbo ya kizazi cha pili hupitisha sentimita za ujazo 550 kwa dakika, lakini ukinzani wake ulibadilika kulingana na mwaka, hivyo jina la gari pekee lisikuridhishe.

Angalia pia kama petroli huingia kwa juu au ubavuni, pamoja na kipenyo cha oringi (pete ya mpira inayozuia kuvuja). Kisha zisafishwe na kupimwa mtiririko zote kwa shinikizo moja, kwa sababu nozeli moja iliyoziba kiasi huinyima silinda yake mafuta injini inapobeba mzigo, na pistoni huweza kuyeyuka.