Maswali ya Wasomaji: Miezi kumi kiwanda kinaunda ndege zisizoruhusiwa kuruka

*Assalaam alaykum. Mie ni mama wa hapa Wete, kijana wangu inshallah anakwenda Addis Ababa mwezi ujao kwa masomo, na nyumbani kwetu siku hizi gumzo ni ndege tu. Kaka yake kasema ile Boeing 737 MAX ilipigwa marufuku Machi 2019 na kiwanda kikaja kusimama Januari 2020. Sasa nauliza, miezi yote ile walikuwa wakimuundia nani? Na kama ina ila kwa nini wasisimame siku ile ile?*

Waalaykumu salaam mama, na Mungu amfikishe kijana salama. Kaka yake kasema kweli. MAX ya Lion Air, shirika la Indonesia, ilianguka baharini ilipotoka Jakarta tarehe 29 Oktoba 2018, wakafa watu 189, halafu hata miezi mitano haijatimia, 10 Machi 2019, ya Ethiopian ikaanguka karibu na Bishoftu, dakika sita tu tangu iruke Addis Ababa kwenda Nairobi, wakafa wote 157 na 32 katika hao ni jirani zetu Wakenya. China wakaizuia kesho yake, nchi moja baada ya nyengine zikafuata, na Marekani wenye ndege yao wakaja mwisho mwisho, tarehe 13.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Waliozuia ndege kuruka ni mamlaka za anga, na walichozuia ni kuruka, hakuna aliyekikataza kiwanda kuunda. Pale Renton, jimbo la Washington, walikuwa wakitoa ndege 52 kwa mwezi, Aprili wakapunguza mpaka 42 na wakaenda hivyo hivyo mpaka mwaka unakwisha. Ndege ikitoka inaegeshwa, nafasi ikajaa mpaka nyengine zikawekwa kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi, nyengine zikapelekwa mbali kwenye kiwanja cha Moses Lake, ilipofika Disemba zilizolala zilikuwa kama 400.

Sasa mama, mchukulie fundi wa majahazi wa Nungwi. Ana wachonga mbao, ana watia kalfati, ana mtu wa misumari, na pesa yake kubwa anailipwa siku chombo kinashushwa baharini. Akiambiwa vyombo vyake visitoke kwa muda, atasema bora niendelee kuunda, nikiwatawanya mafundi hawa sitawapata tena. Boeing walikwenda kwa hesabu hiyo. Bodi la ndege wakati ule lilikuwa linakuja kwa treni kutoka Wichita, Kansas, kwa kampuni ya Spirit AeroSystems, injini zinatoka CFM ambao ni ushirika wa General Electric ya Marekani na Safran ya Ufaransa, na nyuma yao wapo mamia ya wanaoleta vipuri vyengine, ukisimama wewe wote wanasimama na kuwasha tena ni shughuli. Wakawa wanategemea ruhusa itatoka kabla ya mwaka kwisha. Tarehe 11 Disemba mkuu wa FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, Steve Dickson, akasema wazi kwamba 2019 haitotoka. Tarehe 16 Boeing wakatangaza kuwa Januari wanasimamisha. Mashirika ya ndege yanalipa sehemu kubwa ya bei siku ya kukabidhiwa, kwa hiyo ndege 400 zimelala ina maana pesa za ndege 400 zimelala, na mwaka ule Boeing walipata hasara ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza tangu 1997.

Kwa hiyo jibu ni kwamba kilichosimamisha kiwanda ni pesa na nafasi. Mie hili linaniuma na nalisema hivi hivi, kwamba baada ya Bishoftu ilitakiwa kazi isimame siku ile, watu wajikague ndani mwao kwanza, maana roho 346 zimeondoka kwa ndege mbili za aina moja. Na waliobeba mzigo wa kusimama huko hawakuwa wakubwa peke yao. Mkurugenzi mkuu Dennis Muilenburg aliondolewa 23 Disemba, sawa, lakini Januari Spirit kule Wichita waliwapunguza kazi watu 2,800 ambao hawakuamua chochote. Kazi ikarudi Renton mwisho wa Mei 2020, tena pole pole.

*Mie wa Fuoni, nafata mali Dubai. Ndege iliyokaa juani na mvuani mwaka mzima si inakuwa mbovu? Na flydubai wanaokuja Unguja wanazo hizo hizo MAX.*

Wanazo, na nyingi. Ndege iliyolala haiachwi hivi hivi, inazibwa matundu, injini zinawashwa kila baada ya muda, betri na matairi yanaangaliwa. Ila usiwaamini kwa maneno, maana Februari 2020 Boeing wenyewe walikuta takataka za mafundi ndani ya matangi ya mafuta ya baadhi ya ndege zilizokuwa zimelala, na ikabidi zikaguliwe.

Lakini ndugu yangu, kukaa juani ndio jambo dogo. Kasoro yenyewe ilikuwa ni programu moja inaitwa MCAS, inayoisukuma pua ya ndege chini ikidhani imeinuka kupita kiasi, na ilikuwa inasikiliza sensa moja tu, yaani kifaa cha kupimia, sensa ikidanganya basi pua inashuka na inashuka tena na rubani anavutana nayo, na kabla ya ajali ya kwanza marubani wengi hata jina lake hawajalisikia. FAA waliporuhusu, 18 Novemba 2020, masharti yalikuwa programu ilinganishe sensa mbili, isisukume mara kwa mara, rubani aweze kuishinda, nyaya zipangwe upya, marubani wakafunzwe kwenye mashine ya mazoezi, na kila ndege irushwe kwanza bila abiria. Ethiopian wenyewe, waliofiwa, walisubiri mpaka Februari 2022 ndio wakairusha tena. Kwangu mie hiyo ina uzito kuliko tangazo lolote la kiwanda. Mie ningepanda.

*Chake Chake hapa. Nitaijuaje MAX? Na hivi vidogo vya kuja Pemba vimo?*

Hivyo vya Pemba havimo kabisa, vingi ni Cessna Caravan, injini moja ya pangaboi, kampuni nyengine na mambo mengine. MAX utaijua kwenye ncha ya bawa, imegawika mbili, moja juu moja chini, ila zipo 737 za zamani zilizotiwa ncha za kufanana kwa hiyo tazama na injini, ganda lake kwa nyuma lina meno meno. ATCL, shirika letu la ndege la Tanzania, nao wanazo tangu Oktoba 2023, ni MAX 9. Kwenye tiketi ukiona 7M8 au 7M9 ndio hiyo, na ukitaka kuuliza kaunta uliza tu, ni haki yako.