Usimlishe kenge wako nyama ya bucha

Kila ninapowaambia watu hapa Arusha kwamba nafuga kenge, swali la kwanza ni kilo ngapi za nyama anamaliza kwa wiki. Niseme mapema: kenge halishwi steki kama mbwa wa getini, na anayemlisha hivyo anamuua polepole.

Kenge wa nchi kavu, wa huku kwetu kwenye mbuga, porini hula panzi, mbawakawa, jongoo, konokono, mayai ya ndege, na panya akibahatika. Wengi wao huwameza wazima, pamoja na maganda na matumbo yao. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kwa hiyo mwili unaanza kuinyonya kalsiamu ya mifupa. Taya linalegea, miguu inapinda, mnyama anatetemeka. Mafuta nayo yanajaa kwenye ini, maana kenge wa bandani hazunguki kutwa nzima kutafuta riziki.

Wangu namlisha wadudu kwanza. Nategemea sana funza wa nzi weusi, wale wanaozalishwa kwa ajili ya kuku. Wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi. Naongeza panzi, nyenje na mende ninaowazalisha mwenyewe kwenye ndoo, na siku moja au mbili kabla ya kumpa nawashibisha mchicha na karoti, kwa sababu kilichomo tumboni mwa mdudu ndicho kenge anachokula. Masika konokono hawakosekani. Kifaranga au panya mzima ni mara moja moja tu. Yai pia, tena la kuchemsha, maana ute mbichi unazuia biotini, aina ya vitamini, isifyonzwe.

Wadudu wa kuokota nawaogopa. Ukanda wa Tengeru na Usa River una mashamba ya mboga na maua, na panzi aliyepuliziwa dawa shambani hajulikani kwa macho. Panya uliyemkuta amekufa usimpe kabisa, huenda kala sumu.

Kwenye duka la vyakula vya mifugo ukiomba kalsiamu unaweza kupewa DCP (dikalsiamu fosfeti). Hiyo ina fosforasi ndani yake, na fosforasi ndiyo tunayoikimbia. Omba chokaa ya mifugo, isiyochanganywa na kitu. Ukiikosa, kusanya maganda ya mayai, yachemshe, yaanike hadi yakauke kabisa, kisha yatwange kwenye kinu mpaka yawe laini kama unga wa sembe. Watie wadudu kwenye mfuko na kijiko cha unga huo, tikisa, wakitoka weupe wape hapo hapo kabla hawajajifuta.

Mtoto anakula kila siku. Mkubwa mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na shina la mkia likianza kuvimba, punguza.

Chakula chochote bila joto ni hasara. Juni na Julai Arusha ni baridi kweli (wenzetu wa Moshi mjini wana nafuu), na kenge aliyepoa hawezi kumeng'enya, chakula kinamwozea tumboni. Jiwe lake chini ya taa linatakiwa lifike nyuzi 50 au zaidi. Mwache aote asubuhi, apate moto, ndipo umlishe. Mtoe pia nje aote jua, kwani kioo cha dirisha kinazuia miale inayomsaidia kutumia kalsiamu. Beseni la maji la kumtosha kuzama lisikosekane, kwa ajili ya figo zake. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Reptilia hubeba bakteria wa salmonela.

Kibali nacho ni lazima. Kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamhusu hata akiwa uani kwako.

Akigoma kula wiki nzima na joto lipo, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ubebe kinyesi chake kibichi kwenye kikopo ili kipimwe minyoo.