Mzazi amsaidie kiasi gani mtoto anayeshindania uvumbuzi?

Mama, umeuliza kama umtengenezee binti yako wa miaka 11 kile kifaa chake cha kukumbusha watu kumeza dawa, maana muda wa mashindano umebana. Usimtengenezee. Majaji humhoji mtoto mwenyewe: kwa nini umechagua betri hii, umejaribu nini kikashindikana? Akianza kukutazama wewe, mambo yameshaharibika.

Wewe simamia kisu na umeme, basi. Kifaa cha boksi na gundi kinachofanya kazi kinapendeza kuliko kilichopakwa rangi na fundi.

Ambalo wengi hulisahau ni daftari. Aandike tarehe, achore, arekodi nani alikijaribu na akalalamika nini. Mzee anayemeza vidonge kila siku atamfunza mengi (na hatamwonea haya!). Wala asiogope kuboresha kitu kilichopo, mradi aseme ameanzia wapi. Louis Braille aliyaanzishia maandishi yake ya nukta, yale ya wasioona, kwenye mfumo wa nukta aliokwisha kuubuni Charles Barbier, na kufikia 1824, akiwa na miaka 15, sehemu kubwa ilikuwa tayari.

Kuhusu hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni), jihadharini na kukionyesha hadharani mapema. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuomba baada ya kukitangaza. Ulaya, kwa kawaida, kukitangaza kabla ya kuomba ni kuipoteza haki hiyo. Kwa kazi ya kwanza, mimi nisingejisumbua nayo. Ila leo hii someni masharti ya mashindano kuhusu umri na kazi za kikundi.