Mashini ni yako, mashua je?

*"Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, nina miaka 33, nafanya kazi Malindi. Miaka miwili iliyopita nilimnunulia baba mashini ya chombo, ya nguvu za farasi 15, ya kuvulia, tukakubaliana anitumie changu kila mwezi. Tangu Aprili hadi leo Agosti sijaona hata shilingi. Nikimuuliza, jibu ni 'bahari mbaya, mwanangu'. Mke wangu asema baba ananila. Nataka niende niing'oe mashini niiuze. Nifanyeje?"*

Pole, mwanangu. Pesa ya jasho inauma. Pole yangu imeishia hapo.

Aprili hadi Agosti! Mzaliwa wa Lamu wewe, unahesabu miezi ya kusi, upepo mkali utokao kusini? Ndiyo miezi vyombo vidogo vinalala pwani, na anayetoka huambaa mikokoni, hathubutu kupita nje ya mwamba. Juu ya Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini bahari ikiwa shwari zaidi, umenyamaza kimya. Nadhani pesa zilikuja, ukazitumia, ukasahau.

Tena umeandika "mashini", hukuandika mashua. Mashua ni ya baba, sivyo? Nyavu za nani? Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa petroli, oili, barafu na chakula cha mabaharia. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: mabaharia wapate chao, chombo, nyavu na mashini navyo vipate mafungu yao. Kila mahali wana desturi yao, lakini hakuna pwani ambako mwenye mashini hubeba yote.

Na fungu hilo la mashini, mashini yenyewe ndiyo huanza kulila. Hizi za kuchanganya oili na petroli, nyingi hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Baharia akibania oili, pistoni inashika. Akizidisha, plagi zinajaa masizi na mashini inakataa kuwaka mko mbali na nchi kavu. Isiposafishwa kwa maji matamu, chumvi inaziba njia za maji ya kupoza. Ukipita maji mafupi yenye mchanga, mpira wa pampu ya maji unalika. Mashua nayo yapandishwa pwani kwa bamvua, maji yakijaa sana, ikalafatiwe, yaani mianya izibwe, kwa pamba na mafuta, chini ipakwe deheni ya kulinda mbao. Hayo nani amelipa? Si wewe, ungeyataja.

Mkeo simlaumu sana, anarudia anayoyasikia kwako. Ila vijana wa siku hizi mna jambo: arusi mnaiandikia bajeti mpaka ya maua, mali ya baba na mwana hamuiandiki, eti ni aibu. Pesa mnatuma kwa simu, na lawama kwa simu hiyohiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sasa kumwandikia baba ndiko kumvunjia heshima?

Panda basi mpaka Mokowe, gati la bara, uvuke kisiwani. Usimkabili mzee peke yako, fuatana na ami yako. Muulizane jambo moja tu: mashini ile ilikuwa mkopo, ushirika au zawadi? Kama ulisema "baba, chukua", basi yamekwisha. Kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, mzazi aweza kurejea alichompa mwanawe. Mwana harejei alichompa mzazi. Kama ni ushirika, andikeni fungu la mashini ni kiasi gani, na nusu yake ikae kando kwa matengenezo kabla wewe hujagusa senti. Miezi ya kusi muiandike kuwa haidaiwi. Kila anayeshika daftari atie saini, na ami awe shahidi pamoja na mwengine.

Usichelewe. Mzee akifariki leo na hakuna karatasi, mashini itahesabiwa mali yake. Mama yako atachukua thumuni yake, moja ya nane, dada zako kila mmoja nusu ya fungu lako, nawe utasimama mbele ya Kadhi na maneno matupu.

Kuuza usahau kwanza. Tafuta risiti ya dukani, utazame imeandikwa jina la nani. Ikiwa ni la baba yako, punguza sauti kabla hujafika Mokowe.