Natoa RAV4 naongeza pesa nichukue Noah: napata au naliwa?

SWALI

Kaka asalaam alaykum. Mie ni mama wa watoto wane, wa tano yuko njiani inshaallah, tunakaa Fuoni. Gari yetu ni RAV4 ya 2004, ile ya cc 1800, tuko nayo mwaka wa sita sasa na haijatusumbua zaidi ya shokapu na betri. Tatizo hatuenei. Asubuhi napeleka watoto skuli, siku nyengine na mavyaa angu namchukua nimpeleke kliniki ya sukari, mdogo anapakatwa, na sikukuu tukienda Makunduchi kwa wazee ndo usiseme, mmoja lazima atangulie na daladala.

Baba watoto anataka Alphard, keshaiona moja nyeusi mjini ina taa za rangi ndani, basi kila siku nasikia habari zake. Shemeji yangu anasema tutafute Prado mana iko juu. Mie moyo wangu uko kwenye Noah. Tumekwenda yadi moja, RAV4 wameizunguka dakika tano, wakasema wanaichukua kwa milioni 9 na sisi tuongeze 15 tuondoke na Noah ya 2008. Baba watoto anaona tumepata, mie roho inasita. Tufanyeje? Na Noah yenyewe tuangalie nini?

Mama wa wane, Fuoni

JIBU

Waalaykumu salaam dada angu, Mungu akujaalie ujifungue salama. Roho yako inasita kwa haki, kwa hiyo ngoja nianze na pesa kwanza, gari baadae.

Wamekwambia tisa ya kwako na kumi na tano uongeze, yani ile Noah wamekuuzieni milioni 24. Sasa bila ya RAV4 yako Noah ile ni shilingi ngapi? Hilo hamkuuliza na wao hawakusema. Mtume mtu mwengine, hata kaka yako, aende kama mteja wa keshi, asitaje gari nyengine yoyote, aulize bei tu kisha abembeleze kidogo kama kawaida. Akirudi na jawabu la 22 basi jua RAV4 yako hawakuitia tisa, wameitia saba, zile mbili wamezificha kwenye bei ya Noah na nyie mkafurahi. Na mie siwalaumu khasa, yadi lazima ipate chochote, gari yako wataiosha wataitengeneza itakaa pale hata miezi mitatu inangoja mtu. Tofauti ikiwa milioni moja hivi ningewaachia, nikaepukana na madalali wanaokupigia saa nne ya usiku "dada bei ya mwisho ngapi". Ikizidi hapo bandika karatasi kioo cha nyuma, tia picha kwenye magrupu, uza mwenyewe. Ila usiiuze leo ukabaki na tumbo na watoto wane unangoja daladala, kwanza ijue Noah unayoitaka iko wapi.

Na ukiiuza usitie rangi mpya, mtu akiona rangi mpya kwenye gari ya 2004 anajua kuna kitu kimefichwa. Ioshe, toa mchanga ndani, kama ina taa ya cheki injini inawaka izimwe kwa kutengenezwa, siyo kwa kuchomolewa balbu (yapo hayo!). Nnajua injini hiyo, ni 1ZZ, zile za miaka ya mwanzo zilikuwa zinakula oili, kwa hiyo mnunuzi anaejua atavuta kijiti cha oili mbele yako, hakikisha imo. Na kadi ihamishwe jina siku hiyohiyo ya kupokea pesa, musikubaliane "tutakwenda wiki ijayo", mana mnunuzi akigonga mtu nayo mahali, anaetafutwa ni yule alieandikwa kwenye kadi.

Haya, Alphard. Mwambie baba watoto simkatalii, ni gari nzuri, ukikaa kiti cha kati unasinzia kabla hujafika Tunguu. Lakini ina urefu wa karibu mita 4.85 na upana wa mita 1.8 kwenda juu, sasa atoke na hiyo nyumba kwa nyumba Fuoni huko ndani, akutane na keri, kile kigari cha mizigo, imepakia matofali, nani atarudi nyuma? Za mwanzo, 2002 mpaka 2008, nyingi ni cc 2400 yenye injini ya 2AZ, na hiyo inajulikana kwa kula oili na nati za silinda hedi kulegea kwenye bloku, ikifika hapo maji yanapungua kwenye redieta huoni yanapokwenda, na matengenezo yake yatakula pesa ya kitanda cha mtoto na zaidi. Ile ya 3000 V6 ni tamu kuendesha ila inatumia mkanda wa taiming, sio cheni, ukiukuta haujabadilishwa umenunua wasiwasi. Na mafuta, eeh. Safari zenu ni fupi, nyumbani skuli, skuli kliniki, injini haijapata moto sawasawa umeshaizima, gari kubwa kwa mwendo huo inakunywa kuliko unavyoambiwa dukani.

Prado ntaisema haraka. Muulize mavyaa wako magoti yake. Prado unapanda, huingii, na kwenda viti vya nyuma kabisa uinamishe kiti cha kati upenye, mtoto wa miaka kumi atafurahi, bibi atabaki nyumbani akisema "nendeni tu". Hivyo viti vyenyewe sakafu yake iko juu, unakaa magoti yamekuja kidevuni. Gari ile imetengenezwa kwa milima na matope, na kisiwa chetu cha Unguja, kilima cha Masingini ndo kirefu, haifiki hata mita 150. Shemeji kama anaitaka sana anunue yeye.

Kwa hiyo niko na wewe kwenye Noah, na nkwambie kitu kitakachomshangaza baba watoto, Noah ni nyembamba kuliko RAV4 yenu. RAV4 ile ina upana wa mita 1.73 hivi, Noah ya kawaida ni 1.69, mana Japani gari ikizidi mita 1.7 inaingia daraja jengine la namba, ndo mana wameibana hapo. Imezidi urefu kama sentimita 40 tu. Palipopita RAV4 itapita, kasoro chini, RAV4 mmezoea kupanda nayo tuta bila kufikiri, Noah iko kama sentimita 16 kutoka ardhini na ikijaa watu wanane inashuka zaidi, kwa hiyo kwenye mashimo mtajifunza adabu mpya.

Ila Noah gani. Zile za 2001 mpaka 2007 nyingi zina injini ya D4, inayopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na mafundi wetu wengi ukiwatajia D4 tu wanashika kichwa, pampu yake ghali na inachafuka masizi. Iliyokuja katikati ya 2007 ni umbo jipya, injini ya 3ZR, hiyo haina balaa lile. Yenu wamesema ni 2008, vizuri, lakini angalieni kadi na kibati cha chesisi, siyo midomo. Giaboksi yake ni CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, na inataka oili ya CVT, sio ile ya giaboksi za kawaida, fundi akiitia oili siyo yake hutojua siku ile, utajua baada ya muda. Nendeni asubuhi injini ikiwa baridi, mkiwasha tia rivasi, kisha D, ikichelewa kushika au ikikupiga teke rudisha ufunguo.

Sasa nkupe kisa changu. Mie mwenyewe nilinunua Noah yadi moja hapa mjini, nikaikagua kama daktari, injini, chesisi, tairi, mpaka redio, AC ya mbele ilikuwa barafu. Jumapili ya kwanza tukaenda Nungwi, tulipopita Mahonda watoto nyuma wameshavua mashati, mke wangu amekaa na mtoto kati anapepea kwa mfuniko wa chombo cha chakula, mbele mie na baba yangu tunaona baridi. AC ya nyuma ilikuwa inatoa upepo wa moto tu. Kumbe bomba zake zinapita chini ya sakafu mpaka nyuma, na gari iliyokaa pwani chumvi inazila, gesi inatoka kidogokidogo, na muuzaji alikuwa ameziba bomba la nyuma ili ya mbele ifanye kazi. Kutengeneza ikabidi tufumue nusu ya gari. Kwa hiyo wewe kaa kiti cha nyuma kabisa mwenyewe, saa sita mchana, dakika kumi, milango imefungwa. Huyo muuzaji akikuona hivyo atajua hujaja kucheza.

Mlango wa kuslaidi ufungueni na mufunge hata mara kumi, kwa mkono na kwa swichi, na gari ikiwa imesimama pahala penye mteremko. Waya wake ukichoka mlango unakwama nusu njia na watoto wako ndani. Mikanda ya viti vyote vinane ivuteni mpaka mwisho, hii ina faida mbili, utajua inafanya kazi na utaona kama ina alama ya matope huko mwisho, mana watu wa Fuoni munajua Kibonde Mzungu ilivyokuwa ikijaa maji masika kabla ya daraja, gari iliyoingia maji husafishwa zulia ikapuliziwa marashi, lakini mkanda hakuna anaeuvuta mpaka ndani kuufua. Pitisha mkono chini ya reli za viti nako, kutu nyingi pale ni dalili ya maji.

Jambo la mwisho, viti vya nyuma vikikaliwa buti inabaki ya mikoba ya skuli tu. Nanasi, gunia la mchele na kigari cha mtoto vya kutoka Makunduchi havitoingia, tafuteni kariya ya juu au musubiri mtoto mmoja aolewe. Siku ya kwenda kuiangalia mchukue mavyaa wako, apande ashuke mbele ya muuzaji, aseme yeye.

SWALI

Salamu kutoka Wete. Nna Escudo ya 2006, mke na watoto watatu. Kuna jamaa ana Wish ya viti saba anataka tubadilishane, na yeye aniongezee milioni moja juu. Kwetu kutoka lami mpaka mlangoni ni kilomita mbili za udongo na kuna kilima kimoja kikali. Mke anaitaka mana ni gari ya familia. Nichukue?

Baba wa watatu, Wete

JIBU

Sheikh, hapana. Wewe na mke na watoto watatu ni watu watano, Escudo ina viti vitano, sasa huyo wa sita na wa saba ni nani? Kama kuna habari mke wako hajaijua usiniingize mie.

Pemba sio Unguja, nyie muna vilima kweli, na udongo wenu mwekundu ukinyeshewa ni sabuni. Escudo hiyo tairi zote nne zinavuta muda wote na ina gia nzito ya kupandia, sentimita 20 kutoka chini, wakati Wish nyingi zinavuta mbele tu na tumbo lake liko karibu na ardhi, masika hii utakuwa unaiacha kwenye lami unapanda kilima kwa miguu mtoto begani. Na viti vyake vya nyuma kabisa ni vya watoto wadogo, mtu mzima akikaa kichwa kinagusa dari. Kama familia itaongezeka kweli, ngojeni iongezeke kwanza, Escudo haitoshuka bei sana kwa mwaka mmoja.

Na huyo jamaa wa Wish anaekuongezea milioni juu ya gari, muulize kwanza ana haraka ya nini.