Udongo kwenye pipa la mawe: unasaidia lini, unaharibu lini

Mkuu, umeuliza kama kutia udongo kwenye pipa la kusagia mawe (lile linalozungushwa na mashine mpaka mawe yawe laini na kung'aa) kunasaidia kweli au ni imani tu, maana kwatzi zako zina wiki tatu hatua ya kwanza, ile ya kuondoa kona kwa chenga kubwa, na kona bado zipo. Unasaidia, tena sana. Ila wengi wanautia bila kujua kazi yake, mambo yakiharibika wanaulaumu. Mimi nimeharibu mzigo mzima kabla sijauelewa, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Udongo wenyewe hausagi chochote. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini (1 hadi 10), udongo hauzidi sana 2. Anayesaga ni msasa, yaani chenga za silikoni kabaidi, ambao umepita 9. Tabu ya msasa ni uzito: chenga zake ni nzito mara tatu na ushee kuliko maji. Tia chenga za namba 60/90, zile kubwa za hatua ya kwanza (namba ikipanda, chenga ni ndogo), kwenye glasi ya maji, ukoroge, utaona zimeshatua chini hata kijiko hujakiweka mezani. Ndani ya pipa ni hivyo hivyo. Maji yakiwa mepesi, msasa unalala chini na mawe yanabaki kugongana yenyewe kwa yenyewe. Hapo hayasagiki, yanamegeka.

Siku zinavyokwenda, mawe yanatoa unga wake na maji yanageuka uji. Uji ndio unaoubeba msasa na kuugandisha juu ya jiwe. Sasa, mawe laini yanatoa unga haraka, siku moja tu maji yameshakuwa mazito. Kwatzi safi na akiki ngumu zinatoa unga kwa shida, na hapo ndipo wiki yako ya kwanza inapopotea. Udongo unakupa uji tangu saa ya kwanza. Kazi yake ni hiyo tu.

Na ndiyo maana faida yake kubwa iko hatua ya kwanza. Kasi ya kuzama inafuata mraba wa ukubwa wa chembe: chembe ikiwa ndogo mara kumi, inazama taratibu mara mia. Msasa wa namba 1000 unaelea wenyewe muda mrefu, hauhitaji sana kubebwa. Wa 60/90 bila uji ni mzigo uliokaa chini.

(Kuna jambo ninalolipenda hapa. Mwaka 1891 Edward Acheson wa Marekani alichanganya udongo na makaa ya koki ndani ya bakuli la chuma, akapitisha umeme mkali, akapata fuwele ndogo ngumu zinazometa. Hizo ndizo silikoni kabaidi tunazotia kwenye mapipa leo. Silikoni yake ilitoka kwenye udongo ule.)

Namna ya kujua kama unahitaji udongo: simamisha mashine baada ya saa 24, fungua, chomoa jiwe moja la juu bila kulisuuza. Liangalie. Kama maji yanachuruzika na rangi ya jiwe inaonekana wazi, uji hamna. Kama limevaa utando wa kijivu unaoshuka polepole, pitisha dole gumba juu yake. Ukisikia chenga zinakwaruza chini ya ngozi, msasa uko mahali pake, funga uendelee. Utando ukiwa laini kama losheni, bila chenga hata moja, msasa umekwisha nguvu, ongeza. Mimi siku hizi sipimi kwa kitu kingine zaidi ya dole hilo.

Kiasi. Kwa pipa dogo la kilo moja na nusu, mawe yakiwa yamejaza robo tatu na maji yakiishia chini kidogo ya mawe ya juu, natia vijiko vinne vya chakula vya msasa na kijiko kimoja cha udongo. Kimoja. Koroga udongo na maji kwenye kikombe kwanza ndipo umimine, la sivyo unakaa mabonge.

Aina ya udongo ina maana kubwa. Kaolini, ule udongo mweupe wa wafinyanzi, hauvimbi, unavyouona ndivyo utakavyobaki. Bentonaiti, udongo unaonyonya maji mengi, inavimba, na hapo ndipo niliposhikwa. Nilitia vijiko vitatu jioni, uji ukaonekana mwepesi, nikaongeza cha nne nikalala. Asubuhi mashine ilikuwa inazunguka kimya kabisa. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekaa sawa. Kumbe mawe yalikuwa yameshikana kama tonge, yanazunguka pamoja na pipa badala ya kuporomoka juu ya mengine. Siku nne, na hakuna kona hata moja iliyopungua. Mawe husagika yanapoteleza, kwa hiyo lazima uisikie ile sauti ya mvumo wa kokoto zinazoporomoka. Kelele kali ya kugonga ni dalili ya maji mepesi au pipa lisilojaa. Kimya ni uji uliozidi.

Kosa langu lililouma zaidi lilikuwa hatua ya mwisho. Nilikuwa na akiki zilizokula zaidi ya mwezi, zimebaki kung'arishwa kwa unga mwembamba wa alumini oksaidi. Nikafikiri kama udongo ulisaidia mwanzo utasaidia na mwisho, nikatia niliouchimba mwenyewe na kuuchuja kwa kitambaa. Kitambaa kinazuia mchanga mkubwa tu. Chembe ya mchanga mwembamba ni kwatzi, ugumu wake sawasawa na akiki, na chache tu zinatosha. Mawe yalitoka na ukungu, ukiyageuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo kama nywele kila upande. Nilirudi hatua mbili nyuma.

Tangu hapo udongo wa kuchimba unaishia hatua ya kwanza. Kwenye kung'arisha sitii kabisa, isipokuwa kaolini safi ya dukani, tena kwa mawe yanayochubuka kirahisi kama obsidiani (kioo cha volkano), ambayo yanahitaji mto wa kuyapokea yanapoangukiana. Kwa mawe magumu vipande vya seramiki vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Usafi nao unabadilika. Udongo unaingia kwenye nyufa na kubaki na chenga za hatua iliyopita ndani yake. Piga kila jiwe kwa mswaki, kisha yazungushe kwa maji na sabuni nusu saa kabla ya kwenda mbele. Jiwe lenye ufa usiosafishika liache nje. Maji machafu usimwage kwenye sinki, yanatulia ndani ya bomba na kuganda kama saruji. Acha yatue kwenye ndoo, mwaga maji ya juu, tope litupe. Na unga mkavu, wa udongo au wa tope lililokauka, usiuvute puani. Vaa barakoa au uushike ukiwa umelowa.

Kama udongo huna, bakisha kikombe cha uji wa mzigo uliopita wa hatua hiyo hiyo, ukitumie kama chachu. Kwangu unafanya kazi sawa na kaolini, ila usiuhamishe kamwe kwenda hatua inayofuata.

Kwa hizo kwatzi zako, usiongeze kitu kwanza. Fungua pipa, fanya jaribio la dole gumba, halafu rudi utuambie umesikia nini.