Mnaoanza kuhudumu kwenye hija huku Kusini, haya yalinitoa jasho mimi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nimeona majina ya vijana wapya waliojiandikisha kuhudumu mwaka huu, safi sana, ila nimecheka kidogo maana karibu wote mmeandika kwaya au kusoma masomo, hakuna hata mmoja aliyeandika maji. Mimi nimehudumu kwenye kituo chetu huku upande wa Masasi mwaka wa saba sasa, na utapelekwa kwenye maji. Au vyoo. Au kumtafuta bibi aliyepotezana na wenzake wa kigango saa saba usiku wakati mkesha umepamba moto.

La kwanza kabisa, muulize mtu lugha kabla hujamuelekeza popote. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa foleni ya kitubio, nikajiona bonge la kiongozi, nikampanga bibi mmoja aliyekuja na kundi kutoka Msumbiji, wamevuka Ruvuma kwa daraja la Mtambaswala, akasimama kama masaa mawili hivi juani na alipofika kwa padri ikawa hamna kuelewana, bibi anajua Kimakonde cha kule kwao na Kireno cha kuombea maji tu, padri wa watu anajua Kiswahili. Na mita ishirini pembeni alikuwepo padri mwingine anayeongea Kimakonde vizuri kabisa! Bibi hakunisema, aliniangalia tu, bora angenitukana. Sasa hivi tunaandika kwenye maboksi lugha ya kila padri, Kimakua, Kiyao, Kimwera, Kireno, na kwa wasiosoma tunamweka mtu wa kuita. Halafu hao Wamakonde wa Msumbiji msiwaite Wamawia, najua mtaani tunasema hivyo, wengine hawapendi.

La pili linahusu wale mtakaopangwa kueleza historia. Ikifika Agosti watu wanamkumbuka Askofu Cassian Spiss, mmisionari Mbenediktini, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji tarehe 14 Agosti 1905 kule Mikukuyumbu, Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Sasa kuna vijana wanaisimulia kama sinema, wamisionari wema huku, washenzi kule. Jamani. Mbele yako wamekaa watu ambao babu zao walikunywa yale maji ya Kinjikitile, yule mganga aliyesema yanazuia risasi za Wajerumani, na bibi zao wakafa njaa Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa mwaka huohuo, na leo wajukuu wa pande zote wanasali benchi moja. Sema yote mawili, usiruke. Mzee mmoja wa Kimwera aliwahi kunifuata baada ya Njia ya Msalaba akaniambia mjukuu wangu leo ndio nimesikia marehemu wetu wanatajwa humu. Mimi sikuwa na la kujibu, nikamshika mkono tu.

Spika nazo. Majirani zetu wengi ni Waislamu na hao ndio wanaotuuzia uji, ming'oko na mihogo, wengine wanatoa hadi vyumba mahujaji wazee walale. Adhana ikianza punguza sauti, usisubiri uambiwe. Kuna mwaka kwaya moja iligoma kupunguza eti wamelipia jenereta, basi kesho yake asubuhi uji ukakosekana hahaha, ilibidi paroko atembee mwenyewe kuomba radhi nyumba kwa nyumba.

Hija ya Oktoba ina mambo yake maana korosho ndio kwanza zinaingia mnadani, mtu hana hela bado, kwa hiyo kwenye matoleo utaona kuku, karanga, kilo mbili za korosho kwenye kiroba, usikunje sura ukawaacha wenye bahasha wapite mbele. Pokea kwa mikono miwili. Kuku mfunge miguu lakini, sisi mmoja alishatutoroka akapanda altareni, vijana wetu Wakatoliki wa VIWAWA, watu wazima, wakawa wanamkimbiza wakati wa ukimya.

Mambo ya sare na ratiba ya zamu mtaambiwa na kamati. Kikao ni Jumapili baada ya misa ya pili chini ya mwembe, kila mtu aje na ndoo yake.